Kikundi cha KILWA 2019 kimebadilishwa jina

IJUMAA

*Zuwena amebadilisha jina la kikundi kutoka "KILWA 2019 🚌" kuwa "MOROKO INSHAALLAH 🇲🇦"*

Zuwena: Asalaam alaykum ukoo, Ijumaa njema. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho sio mnapitisha macho halafu kesho mnanipigia kuniuliza. Nimeongea na yule kijana wa mambo ya safari, ni siku tisa, tunatua Casablanca tunalala, asubuhi tunaswali ule msikiti wa Hassan wa Pili uliojengwa juu ya bahari, tunapita Rabat, tunaenda Fes siku tatu, Meknes tunashinda tu, halafu Marrakech siku tatu tunarudi kwetu. Dola 1,450 kwa kichwa, hoteli ndani, gari ndani, gaidi ndani. Tiketi ya ndege mbali. Kianzio laki mbili mbili mwisho wa mwezi huu. Nani yumo?

Zuwena: ?

Zuwena: Nimeangalia hapa watu kumi na moja mmeshasoma

Feisal: Ma mdogo gaidi ndani?? 😂😂

Feisal: Uhamiaji wakiiona hii meseji tumekwisha ukoo mzima

Kibibi: 😂😂😂😂 hoteli ndani gaidi ndani

Zuwena: Tua gaidi. Mwongozaji. Mmenielewa sana tu. Kibibi unakwenda huendi?

Feisal: Gaidi akiwa ndani nani atatoka nje

Zuwena: Feisal

— 16:20 —

Mama Feisal (Maskati): Waalaykum salaam. Zu, mie nilikwenda na shemeji yako mwaka juzi, Fes na Marrakech zote, pazuri wallahi siwadanganyi. Ila Fes siku tatu kwa mama? Kule mji wa kale gari haiingii kabisa, vichochoro wenyewe wanasema vinapita elfu tisa, vingine unapita ubavu ubavu, mizigo yote inabebwa na punda, mwenye punda anakuja nyuma anapiga ukelele balak balak yaani pisha, na punda hana breki. Halafu ni mteremko na kupanda. Magoti ya mama mnayajua.

Zuwena: Ndio maana nikasema tuna mwongozaji dada, atatupitisha njia za watu wazima

Mama Feisal (Maskati): Awe na beji ya serikali basi. Wasio na beji wapo kila kona, ukimfuata anakutoa duka la ngozi anakutia duka la zulia, unapewa chai ya nanaa glasi ya kwanza ya pili ya tatu, unatoka na zulia hukulitaka. Shemeji yako la kwake lipo stoo mpaka leo tunaligombania hakuna anayelitaka.

Feisal: Mama lile zulia uliling'ang'ania wewe

Mama Feisal (Maskati): Kaa kimya mtoto wewe

Kibibi: Na kule wanakopaka ngozi rangi tunaenda? Niliona picha mabeseni ya rangi kama paleti

Mama Feisal (Maskati): Chouara. Utaenda na utajuta. Wanakupa jani la nanaa mlangoni ulishikilie puani, mie nikadhani ni la chai. Ngozi wanazilainisha kwa kinyesi cha njiwa, huko chini wanaume wamezama mpaka mapajani wanakanyaga. Wanafanya hivo toka karne na karne.

Feisal: Yaani dola 1,450 kunusa mavi ya njiwa. Si niende Kwa Minchi nikanuse bure

Zuwena: Jamani turudi kwenye kianzio

— 19:48 —

Mwl Idrisa: Shikamooni wote. Shangazi samahani nilikuwa na mitihani ya kusahihisha ndio nashika simu. Nimesoma ratiba nzuri sana ila mbona Tanja haimo? Yaani tutoke huku pwani mpaka Moroko tusifike Tanja kwa Ibn Battuta? Yule bwana kazaliwa pale 1304, na ndiye huyo huyo aliyepita Mombasa akaenda mpaka Kilwa 1331, Mombasa akasema watu wanakula ndizi na samaki, misikiti ya mbao, wanatembea peku na mlangoni kuna kisima cha kuoshea miguu, Kilwa akasema ni katika miji mizuri kabisa aliyoiona. Kaburi lake wanalionesha pale pale ndani ya mji wa kale wa Tanja. Na toka Casablanca kuna treni inakwenda kilomita 320 kwa saa, masaa mawili na dakika kidogo ushafika.

Athumani: Mie mtu wa Tanga niende Tanja kufanya nini, nimebadilisha herufi moja tu nalipa dola

Kibibi: 😂😂😂 ba mdogo

Mwl Idrisa: 😂 marahaba nimekubali

Zuwena: Idrisa Tanja nilimuuliza, inaongeza siku mbili na dola mia na themanini. Watu hawajasema hata ndio unaniongezea mji. Kaka Athumani wewe upo?

Athumani: Nipo kama hatupiti Berkane

Feisal: Mjomba 😂😂😂😂

Feisal: Tukipita utabaki kwenye gari?

Athumani: Kule Simba tulifungwa mbili bila, Amaan moja moja. Tumecheza fainali ya Shirikisho kiume. We na Yanga yako mlikuwa mnatuangalia kwenye tivii

Feisal: Sisi fainali tulifika 2023 mjomba na kule Aljeria tukawafunga kwao. Nyie mwaka huo huo Casablanca Wydad wakawatoa kwa matuta, kwa hiyo mjomba Casablanca nako ushuke au usishuke?

Athumani: Huyu mtoto Zuwena mtoe kwenye hii orodha

Zuwena: ORODHA YENYEWE IKO WAPI. Mpaka sasa nipo mie na Idrisa nusu

Mwl Idrisa: Na mie shangazi ni mwezi wa kumi na mbili tu, shule zikifungwa. Wa kumi siwezi

Mama Feisal (Maskati): Wa kumi na mbili Fes baridi Idrisa, usiku unalala na koti, na mvua. Mama kifua

Mwl Idrisa: Wa sita basi

Mama Feisal (Maskati): Wa sita Marrakech jua linaweza kupita digrii arobaini mtakaangika. Wa kumi ndio wenyewe

*Zuwena ameanzisha kura: MWEZI GANI? Wa sita (0) Wa kumi (2) Wa kumi na mbili (1)*

JUMAMOSI

Zuwena: Kura tatu. Watu kumi na saba kura tatu

Kibibi: Shangazi bibi yupo hapa nimemsomea yote. Anauliza hivi ule msikiti uliojengwa na mwanamke upo kwenye safari

Mwl Idrisa: Upo Fes bibi, Qarawiyyin. Bi Fatima al-Fihri, kwao asili ni Kairouan kule Tunisia wakahamia Fes, inasimuliwa alirithi mali ya babaye akajenga msikiti mwaka 859, baadaye ukawa chuo mpaka leo watu wanasoma. Asiye Muislamu anachungulia mlangoni tu ila sisi tunaingia tunaswali.

Kibibi: Bibi anasema Mashaallah. Anauliza kina mama wana pao pa kuswalia

Mama Feisal (Maskati): Wanapo mwambie mama. Nimeswali pale mie

Kibibi: Amenyamaza anatabasamu

Zuwena: Mnaona? Mama anataka. Haya kianzio tumtumie nani mie sitaki hela za watu zipite kwangu nina mambo mengi

Athumani: Mie naweza kushika

— 11:02 —

Mama Idrisa: Sio tena.

Zuwena: Wifi

Mama Idrisa: Nimesema sio tena. Kama ile ya mashua

Athumani: Shemeji tulishalizungumza hilo

Mama Idrisa: Na nani? Mie nilikuwa jikoni msibani mkalizungumza nyie kwenye mkeka. Tulikuwa kumi na saba kila mmoja elfu ishirini na tano, hiyo ni laki nne na ishirini na tano, ya mashua na chakula cha kisiwani. Basi likafa Somanga.

Athumani: Hela ikamlipa fundi. Kila mtu alikuwepo

Mama Idrisa: Fundi alipewa elfu arobaini nimesimama pale pale nashika tochi

Feisal: Na yule kuku?

Zuwena: Feisal sio sasa hivi

Feisal: Nauliza tu kuku alilipiwa au tulimla bure

Kibibi: Tulimlipia 😂 mwenyewe alitaka elfu thelathini ati ni kuku wa mbegu

Athumani: Haya na kuku. Na mihogo. Na dizeli ya kurudi. Na dereva alikuwa anataka posho ya siku mbili. Mnadhani hela inakaa tu mfukoni

Mama Idrisa: Nadhani inarudi.

Mwl Idrisa: Mama tafadhali

Mama Feisal (Maskati): Mie nilituma toka huku ya watu wanne na sikuja. Sikusema kitu. Nasema leo tu kwa kuwa limefunguliwa

Zuwena: Jamani hii ni Moroko. Kule Rabat kuna mnara wa Hassan tutauona, mita 44, mfalme alianza kujenga msikiti mkubwa sana akafariki 1199 ukaishia hapo hapo, nguzo zimesimama hazina paa na watu wanakwenda kuuangalia

Mama Idrisa: Kama safari zetu

Feisal: 💀

Zuwena: Sikukusudia hivo

— 13:35 —

Bi Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:54

Kibibi: Nawaandikia wasio na bando, bibi kasema nisipunguze neno:

"Wanangu nimesikia yote, Kibibi kanisomea. Msikiti wa Bi Fatuma nimeupenda, mwanamke karithi mali kajenga nyumba ya Mungu, hakujenga vyumba vya kupangisha. Lakini nauliza. Huyo bwana wa Tanja mnayetaka kuzuru kaburi lake, yeye katoka kwao hana simu, hana bando, kapanda ngamia kapanda jahazi, Kilwa kafika. Nyie mmetoka Tanga na basi lina sponji mmeishia Somanga mnakula mihogo. Kilwa mnaijua kwa picha. Sasa mkisimama kaburini kwake mtamtolea salamu gani, mtamwambia sie watu wa kule kule ulikokusifu ila hatujakuona? Baba yenu alishona kanzu ya kuswalia kwenye ule msikiti mkongwe wa Kisiwani. Ilirudi sandukuni na mikunjo yake ya fundi. Nikamzika hajaivaa. Athumani, deni lako ni langu kwa kuwa nimekuzaa mie. Sina la zaidi."

— 20:51 —

Mwl Idrisa: Tumekusikia bibi. Shikamoo.

Mama Feisal (Maskati): Tumesikia mama

Mwl Idrisa: Najua sio wakati wake ila Kilwa Kisiwani na mji wa kale wa Fes viliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka mmoja, 1981. Nafundisha kila mwaka na sijawahi kuunganisha

Feisal: Mwalimu

Mwl Idrisa: Naacha

JUMATATU

Athumani: Zuwena nimekutumia laki moja kwa simu. Ya Kilwa. Nyingine mwisho wa mwezi, na kwenye hesabu fundi msimtoe, mtoeni kuku

Zuwena: Haijaingia kaka

Athumani: Imekatwa kwangu

Zuwena: Umetuma namba ipi

Athumani: Ile ya zamani

Zuwena: Ile line nilimpa dada wa kazi 😩 subiri nimpigie

Mama Idrisa: Ahsante shemeji.

Zuwena: Ameipata anasema alidhani ni mshahara. Haya. Sasa nisikilizeni, mie kijana wa watu anataka jibu. Je tufanye Kilwa Disemba Idrisa akiwa likizo, halafu Moroko wa kumi mwaka unaofuata? Au Moroko hii hii na Kilwa Pasaka? Nijibuni mtu mmoja mmoja sio emoji

Hamisi: 👍

Zuwena: Kaka Hamisi toka 2019 hujaandika humu. Hiyo dole ni ya Moroko au ya Kilwa?

Zuwena: Kaka Hamisi?

Feisal: Amemaliza mpaka 2031

Mama Feisal (Maskati): Zu mie niweke Kilwa, hii Moroko nitawaunga huko huko mkifika Casablanca kama tarehe zitanikubali. Ila Tanja itieni, na kule uwanja wa Marrakech mwambieni Kibibi asishike nyani wala asinyooshe mkono kwa wapaka hina, hina inakwisha kuchorwa ndio bei inatajwa

Kibibi: Mie nishawahi kusema nakwenda?

Zuwena: Kwa hiyo hujasema

Mwl Idrisa: Kilwa Disemba mie na mama. Wawili. Basi nani?

Athumani: Basi sitafuti mie

Zuwena: Tutalijua. Kianzio cha Moroko ngoja nimuombe asogeze mpaka mwezi ujao

*Kibibi amebadilisha jina la kikundi kuwa "KILWA KWANZA 🚌 (na Moroko)"*

Zuwena: Nani kakwambia ubadilishe

Kibibi: Bibi

Kibibi: Shangazi halafu bibi anauliza, ile pasipoti aliyokwenda nayo hija bado inafaa?

Zuwena: Ilitoka mwaka gani?

Kibibi: Ngoja anafungua sanduku