Siriz za mateka: ya Uhispania, ya Denmaki ama ile ya daktari, ipi nianze nayo?

MwanaLangoni (Lamu)
Wadau wa Lamu na Malindi salaam aleykum. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Kusi ishaingia, bahari chafu, watalii hakuna, kwa hivyo niko nyumbani na watu wangu wanataka siriz moja ya kutazama pamoja baada ya isha maana tamthilia za Kituruki zimetuchosha, kila mtu apoteza kumbukumbu kisha azipata kwenye harusi. Kijana wa dukani kanipa tatu, zote za mateka na zote si za Kiingereza: La Casa de Papel ya Uhispania, Gidseltagningen ya Denmaki (Waingereza waiita Below the Surface) na Bnei Aruba ya Israeli, ile ya daktari mwanamke ambayo wengi waijua kwa jina la Hostages. Mia mbili kila sizoni unawekewa kwa flashi. Nyumbani tuko mimi, mke wangu, vijana wawili na mamangu ambaye miwani anayo lakini yale maandishi ya chini hayamngojei. Niambieni ipi na kwa nini, msiniandikie tu "zote moto".

Barani_Mld (Malindi)
Casa de Papel, kwani hapo kuna swali? Wezi wanane wanaingia kile kiwanda cha serikali cha kuchapisha noti Madrid wanashika watu 67, na utamu wote uko hapa, hawakuja kuiba pesa zilizoko, wamekuja kujichapishia zao. Kwa hivyo kila saa polisi wakibembeleza kwa simu mashine ndani zinatembea, yaani yale mazungumzo ndiyo wizi wenyewe, na yule Profesa, kiongozi wao, yuko nje anarekebisha miwani kwa kidole na kuongea na inspekta Raquel kama mtu anayeagiza chai. Na mateka wamevalishwa ovaroli nyekundu na barakoa ya yule mchoraji Salvador Dalí sawasawa na wezi ili mdunguaji wa polisi asijue ampige nani. Mtu aliyefikiria hilo apewe shamba.

Alafu sisi wa Malindi twaifaidi zaidi bana, mtu akishauzia Wataliano vinyago miaka yote ile Kihispania chamuingia nusu bila kusoma kitu. Ule wimbo wa Bella ciao ulipoanza mjomba wangu, aliyekuwa mpishi kwa Wataliano huko Casuarina, aliuimba mpaka mwisho yuko jikoni na mwiko mkononi, alikuwa aujua zamani, ni wimbo wa wale waliopinga ufashisti kwao Italia.

BintiShela (Lamu)
Barani yote uliyosema ni kweli na ndiyo maana mimi naipinga. Mwenzio kauliza siriz ya MATEKA. Katika hao 67 wewe wawajua wangapi kwa jina? Arturo yule mkurugenzi ambaye dunia nzima yamchukia, Mónica, yule binti wa balozi wa Uingereza, na wengine wawili watatu, basi, waliobaki ni wa kujaza ukumbi tu, wanapiga magoti wanainuka. Moyo wako wote uko kwa wezi. Hata Arturo, jamani, mtu kashikiwa bunduki siku nzima na sisi twamuona yeye ndiye mbaya!

Ya Denmaki ni kinyume. Ya 2017 kama hiyo ya Kihispania, episodi nane, watu 15 wameshikwa kwenye treni ya chini ya ardhi Copenhagen na kila episodi yakaa na mmoja wao, yakuonyesha maisha yake kabla hajapanda ile treni, alikuwa agombana na nani, alikuwa aenda wapi. Ukirudi kule chini humuoni tena kama "mateka namba fulani". Na mkuu wa kikosi cha polisi, Philip Nørgaard, yeye mwenyewe alishawahi kuwa mateka, kwa hivyo kila anapotaka kuamua jambo wamuona anavyohangaika na la kwake la zamani. Polepole lakini, wallahi. Mwenye haraka asiiguse.

kipepeo_wa_Gede (Malindi)
Mimi naongeza ya Korea hapo, ile Casa de Papel waliyoirudia 2022, barakoa za Hahoe za jadi ya Kikorea badala ya Dalí na mateka wa Kusini na Kaskazini wamechanganywa wanaogopana wao kwa wao kuliko wanavyoogopa wezi. Hiyo peke yake yatosha kuitazama. Ila mimi bado nalia na ile ya kwanza, mwizi wao waliyemuita Nairobi alipopigwa risasi na yule

BintiShela (Lamu)
WEWE! Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, mtu ndiyo kwanza ataka kuanza.

kipepeo_wa_Gede (Malindi)
Ilitoka 2020 shoga yangu, mtama ushaota na kuvunwa 😂 haya nimenyamaza. Lakini Wakenya tulikuwa na haki ya kulia, katika miji yote ya dunia waliyochagua majina, Tokyo, Berlin, Rio, Denver, wetu ndiye aliyekuwa na akili ya kusimamia noti zitoke safi.

Nahodha_Mkomani (Lamu)
Salaam vijana. Mimi yeo nimesoma mambo yenu nikaona niseme, kwani nyinyi mwaongea kama hili jambo liko kwenye runinga tu. 2011 mwezi wa Septemba Kiwayu walikuja usiku kwa boti, Muingereza akauawa mkewe akachukuliwa Somalia. Haikutimia mwezi, Manda hapa mbele ya mato yetu mama wa Kifaransa, mgonjwa asiyeweza kutembea, akabebwa, na huyo hakurudi, alifia huko. Yule mke wa Muingereza alirudi Machi 2012 na waliotafuta pesa ni watu wake wenyewe. Baada ya hapo mwajua, mahoteli yakafungwa, jeshi likaingia Somalia Oktoba ile ile, na 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ikaja marufuku ya kutoka usiku, wavuvi tukakaa na nyavu ndani. Hakuna aliyetushika sisi na sote tulikuwa tumeshikwa.

Sasa mimi hiyo ya Denmaki nilitazamishwa na mwanangu, na nilitaka kuondoka episodi ya kwanza. Nilikaa kwa sababu ya jambo moja. Serikali yao yasema haitoi fidia, neno moja tu, na watu wa walioshikwa wako nje wangoja, na yule mwandishi wa habari mwanamke ndiye aongea na watekaji kwenye runinga, na wewe ulioko nyumbani huna hakika kama yuwasaidia ama yuwaharibu. Hiyo ndiyo hali. Kungoja, na kila mtu aja na shauri lake, na hakuna shauri lisilo na mtu wa kufa. Ya Kihispania nimeiona pia, nzuri, ya kuchekea. Watekaji niliowasikia mimi hawakuwa na wimbo.

chakama_road (Malindi)
Mzee Nahodha umesema. Na huku kwetu Chakama Novemba 2018, yule binti wa Kitaliano aliyekuwa akijitolea na watoto, risasi zikapigwa kijijini watu wakaumia, naye kaachiwa Mei 2020 tu. Sisi tulikuwa twaulizwa kila siku na kila mgeni kama twajua lolote. Mimi hizi siriz huziruka zote, nimepita kusoma.

MwanaLangoni (Lamu)
Mzee wangu shikamoo na ahsante, sikuwa nimeifikiria hivyo na mamangu ana jamaa zake Kizingitini kule upande wa Kiwayu, hiyo ya Denmaki sidhani nitaiweka mbele yake. Chakama pole sana ndugu. Na hii ya daktari kuna aliyeiona?

sista_wa_zamu (Lamu)
Mimi hapa. Kazi yangu ni hospitali, thieta haswa, kwa hivyo niliitazama kwa jicho baya. Hadithi ni hii: daktari bingwa Yael Danon kesho ampasua waziri mkuu wa nchi, usiku watu wanne waliofunika nyuso waingia nyumbani kwake, wamshika mumewe na watoto, wamwambia hakikisha mgonjwa hatoki hai na ionekane bahati mbaya. Basi. Hakuna treni, hakuna kiwanda, ni sebule na jikoni tu. Na kila mtu mle ndani ana siri yake, mume ana ya kwake, watoto wana zao, watekaji hawajamaliza siku mbili washajua mambo ya nyumba kuliko mama mwenye nyumba. Hilo ndilo lililonishika, yule kiongozi wao Adam amekaa mezani kwa watu aona mke na mume wadanganyana.

Kasoro sasa. Kwanza ni jambo la usiku mmoja na wao wamelinyoosha episodi kumi, operesheni yaahirishwa kisha kila siku lazima patokee sababu mpya ya wao kubaki, mara mtu karibu akimbie mara jirani kabisha hodi. Pili thieta. Thieta mtu haui peke yake jamani! Kuna wa dawa ya usingizi pale kichwani ndiye aliyeshika pumzi ya mgonjwa, kuna msaidizi wa mpasuaji, kuna sista wa vyombo ahesabu kila kitambaa kilichoingia na kilichotoka, na kwa waziri mkuu hapo ongeza walinzi. Daktari akikosea kidogo watu wanne wamemuona. Waandishi walijua hilo kiasi lakini wamelipitia mbio mbio.

Marekani waliifanya yao mwaka ule ule 2013, Toni Collette ndiye daktari, ikafa baada ya sizoni moja. Msiipoteze bando kwa hiyo.

AbuSwafwa (Lamu)
Mimi ya Israeli siiweki nyumbani kwangu na sababu yajulikana, kila mtu na dhamiri yake, simuhukumu mtu. Lakini MwanaLangoni kwa nini uhangaike, kuna ya Kihindi! Hostages ya 2019, hadithi ile ile, daktari ni Tisca Chopra, anayewashika ni Ronit Roy naye ni polisi, na mgonjwa ni waziri kiongozi wa jimbo. Episodi kumi. Na mamako, kama ni wa rika la mamangu, Kihindi hana haja ya kuandikiwa chini, hawa watu wamekua na sinema za Kihindi wajua nani atalia kabla hajalia. Mamangu alituzidi sote. Sisi twasoma maandishi, yeye ashamwambia yule mume "wewe muongo wewe" episodi nzima kabla hatujajua.

sista_wa_zamu (Lamu)
Hahaha kweli hiyo niliisahau. Ronit Roy ana uso wa kutisha bila kusema kitu. Thieta ni ile ile tu, wa usingizi hana kazi.

Barani_Mld (Malindi)
Nimesoma mpaka mzee Nahodha na nimenyamaza kwa heshima, ila nitetee yangu kidogo. BintiShela, kupenda wezi si ajali, wameijenga iwe hivyo, polisi na serikali wanaonyeshwa wakihesabu mateka kwa thamani, yule binti wa balozi kwanza wengine baadaye, na mtazamaji alipoona hivyo akahama upande. Hilo nalo ni neno juu ya mateka. Lakini nakubali jambo moja, ilikuwa iishe pale. Televisheni ya Antena 3 ya kwao waliionyesha 2017 episodi 15 ndefu ndefu ikaisha, wametoka na milioni 984 za euro, khalas. Netflix wakainunua wakaikata upya kuwa 22, ikapata watu dunia nzima, ndipo 2019 wakarudi na wizi wa Benki ya Uhispania wakaenda nayo mpaka Desemba 2021. Kule mwisho ni milipuko na mapenzi. Kwa hivyo nunua sizoni mbili za kwanza, mia nne, zile nyingine mwachie kijana wa duka.

Na rimoti iwe mkononi mwako si mkononi mwa watoto. Tokyo na Rio wale hawana breki, na mama yuko kwenye kochi.

BintiShela (Lamu)
Hiyo ya rimoti ndiyo ushauri bora uliotoa tangu asubuhi. Na usichukue ya sauti za Kiingereza, mdomo waenda Shela sauti yaja Matondoni.

MwanaLangoni (Lamu)
Haya nimefika mahali. Ya Kihindi ndiyo ya nyumba nzima baada ya isha, mama achague mwenyewe wa kumchukia. Ya Denmaki nitaitazama mimi na mke wangu watu wakilala, kwa maneno ya mzee. Ya Kihispania vijana washaiona zamani kumbe, nimewauliza wameangaliana wakacheka. Sasa shida yule wa dukani ya Kihindi hana.

AbuSwafwa (Lamu)
Ninayo mimi. Niko Mkunguni kila jioni baada ya laasiri pale penye bao, njoo na flashi yenye nafasi, na tafadhali iwe safi, ya mwisho niliyoletewa ilikuwa na virusi laptopu ikalala siku tatu.

sista_wa_zamu (Lamu)
Abu na mimi nibakishie, nina flashi ya kazini ila usiulize ina nini ndani.

AbuSwafwa (Lamu)
Ya hospitali? Hapana sista, hiyo usiilete.