Je, nikope ili ninunue gari la zamani la kufufua?

Swali
Ndugu zangu, nimepata Volkswagen Beetle ya mwaka 1967, injini yake imekwama na sakafu imeanza kuliwa na kutu. Sina fedha taslimu, ila benki iko tayari kunikopesha. Je, ni busara kukopa?

Jibu la kwanza
Nakusihi usikope, kwa sababu bei ya kununulia ni mwanzo tu: kuchomelea sakafu, kupiga rangi na kufumua injini huweza kuzidi bei yenyewe, na riba itaendelea kukatwa hata miezi ambayo gari limekaa juu ya mawe bila magurudumu. Kagua kwanza chini ya kiti cha nyuma, mahali betri inapokaa. Bisibisi ikipenya kwenye bati hapo, kutu imefika mbali.

Jibu la pili
Kuhusu kutu nakubali, ingawa mimi siuogopi mkopo kiasi hicho. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi mwaka 2003, hivyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya magari mengi ya umri huo. Kama marejesho hayatagusa ada za watoto wala matumizi ya nyumbani, kopa kidogo, lakini usiweke nyumba kuwa dhamana.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, injini iliyokwama inaweza kufunguka bila kufumuliwa?

Jibu la kwanza
Wakati mwingine huwezekana. Mimina mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi, uache siku kadhaa, kisha uizungushe taratibu kwa spana; usilazimishe kwa stata. Ikigoma, punguza bei unayompa muuzaji.