Tupeane uzoefu: matairi ya Prado, Hilux na wenzake kwa njia za Dodoma

Habari wakuu. Nina Prado ya familia: siku za kazi lami ya mjini, Jumamosi shamba Bahi. Mwaka jana nilinunua matairi manne ya mtumba, kashata (yale meno yanayokanyaga barabara) nene kabisa, nikajua nimeokota dodo kwenye mwarobaini. Tunakaribia Kibaigwa, la nyuma kulia likapasuka, watoto wamo ndani. Mungu alisaidia, nilikuwa mwendo wa 80. Fundi akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa namba za DOT, zile zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 1113. Yaani lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2013! Sasa nataka mapya, saizi 265/65R17. Nyie mmefunga nini?

Mzee wa Mpwapwa: Poleni sana. Hiyo tarehe wakati mwingine iko ubavu mmoja tu, ukiikosa nje chungulia ndani. Mimi nilifunga MT, yale ya matope, nikiwaza masika. Kwenye lami yakavuma mpaka tukawa tunapiga kelele kuongea, mafuta yakapanda, na lami ikilowa breki inachelewa kushika. Nikarudi AT, yale ya njia zote, lami na vumbi.

Mkulima wa kike: Kaka, kama ni Bahi, tazama ubavu kwanza. Mwiba wa mgunga ukiingia kwenye kashata unaziba pancha unaendelea. Ukiingia ubavuni, tairi hilo ndiyo basi. Mimi limeniharibikia jipya, halijamaliza hata miezi miwili, kwa kupita kando ya njia kukwepa dimbwi. Na ule udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha unajaza kashata zote, tairi linakuwa kama kipara. Hata MT inajaa. Siku hiyo naacha gari barabarani natembea.

Pikapu ya mahindi: Wenye mizigo msome namba iliyo baada ya saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Nilibebea mahindi kwenye matairi ya gari dogo la familia, ubavu ukatoa nundu. Siku hizi nafunga yenye herufi LT, ya magari ya mizigo midogo, na upepo naongeza nikipakia, napunguza nikishusha.

Mwenye mada: Asanteni mno. Dada, hayo ya ubavu sikuyajua kabisa. Basi naenda na AT, na spea nabadilisha pia, maana nimeichungulia leo: 2012.