DJ mnayemjua wote Mtwara: umekata wimbo solo limeshaingia, tena mama yangu akiwa kati!

Mjomba wa Chikongola:

Wakuu, natoka shughulini sasa hivi, sijavua hata viatu. Nisipoandika nitapasuka.

Simtaji jina, hana haja ya kutajwa. Msimu huu wa korosho watu wameshalipwa, kila mtaa una turubai, na chini ya kila turubai yupo yeye na miwani yake ya jua saa nne usiku. Ana yale maspika ambayo akifungulia bezi hapa Chikongola, watu wa ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji wanaamka kuulizana nani kafa. Mnamjua. Kama humjui, basi hujawahi kualikwa popote.

Shughuli ni ya mpwa wangu. Mimi ndiye mjomba, na wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa uzito wake: kwetu mtoto ni wa mjomba. Vikao nimekaa mimi, mahari imepita mikononi mwangu, na muziki nimelipia mimi. Nikamfuata huyo bwana mapema, nikampa flashi mkononi, nikamwambia, "Mdogo wangu, usiku mzima ni wako, piga unachotaka. Humu mna nyimbo tatu za wazee, hizo naomba zifike mwisho." Akaniambia, "Nimekusoma mzee wangu." Kanisoma!

Akapiga ya kwanza. Ya Sikinde, ile bendi ya dansi ya Mlimani Park. Jina la wimbo silitaji maana nawajua, mtaacha hoja mshike wimbo.

Wanaoujua muziki wa dansi wanajua kwamba wimbo wa Sikinde hauna papara. Kipande cha kwanza ni cha kusikiliza maneno. Waimbaji wanasimulia, tarumbeta na saksafoni zinawaitikia, watu wanacheza huku wanapiga soga, wengine hata hawajainuka kwenye viti. Mnangoja, na kila mtu anajua anangoja nini. Halafu waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linapanda juu, ridhimu inageuka, tumba zinakaza. Hapo ndipo CHEMKO. Kukata wimbo wa dansi kabla ya chemko ni kumnawisha mgeni mikono halafu ukaondoka na sinia.

Sasa mama yangu yuko pale, bibi wa bibi harusi. Magoti yamemchosha, siku hizi hata swala anaswalia kwenye kiti. Wimbo ulipoanza aliinua kichwa. Kipande cha kwanza chote amekaa, anatikisa bega moja tu, macho kayafumba. Waimbaji walipokuwa wanamalizia, akamkabidhi mjukuu fimbo, akavua kandambili akazipanga vizuri chini ya kiti, akafunga kanga kiunoni, akaingia kati. Peke yake. Watu wakampisha. Solo likaingia. Mama akanyanyua mkono wa kulia.

KATA.

Wakuu, kata! Mkono wa mama uko hewani! Na hakukata kimyakimya, alishika maiki kabisa: "Wazee, hiyo ya msibani imetosha, turudi kwenye harusi!" Halafu akaachia singeli.

Ya msibani! Mama yangu kasimama katikati ya watu, miguu mitupu, mkono juu, anaambiwa ya msibani!

Na solo lilikuwa limeshaingia! Angekata mwanzoni ningesema basi, haupendi. Angekata ubeti wa pili ningesema ana haraka zake. Huyu kangoja mpaka solo limeingia! Mtu mwenye masikio hawezi kukata pale hata kwa bahati mbaya, kidole chenyewe kinakataa.

Vijana wakajaa kati kufumba na kufumbua, mama ikabidi atolewe na wajukuu kwa kukingiwa mikono. Kandambili moja mpaka naandika haijaonekana. Nikamfuata jamaa mezani kwake, akanionyesha sikio, eti hasikii. Kweli hasikii. Hajawahi kusikia kitu tangu azaliwe.

Sisi tumelelewa na nyimbo hizi. Marehemu baba alikuwa anazirekodi kutoka Redio Tanzania kwenye kaseti, na wimbo ukianza tunafukuzwa sebuleni watoto wote, asije mtu akakohoa ndani ya solo. Bendi zilikuwa zinaingia studio ya RTD pale Dar es Salaam, wanapiga wote kwa pamoja kwa mkupuo mmoja, wapulizaji, waimbaji, magitaa, tumba. Akikosea mmoja mnarudi mwanzo. Watu wamepiga wimbo mzima bila kukosea, wewe kazi yako ni kubonyeza tu, na kubonyeza kwenyewe kumekushinda!

Shughuli yangu hakanyagi tena, na wapwa ninao wengi.

Mkono wa mama uko hewani, wakuu. HEWANI!

Korosho Ghafi:

Pole mkuu. Jazia nyama basi, wimbo gani?

Dogo wa Magomeni:

Mjomba pole sana, ila ukweli usemwe. Watu wameshiba pilau wanataka kuruka. Singeli mapigo yanapita 200 kwa dakika, huo ndio mwendo wa harusi. Huo wimbo wenu mpaka ufike chemko bibi harusi keshajifungua wa pili.

Mjomba wa Chikongola:

Dogo, nimekataza singeli mimi? Nimempa usiku mzima apige singeli mpaka kuku wawike! Nimeomba nyimbo tatu. TATU. Ya kwanza tu kaikata, tena solo limeingia. Angekuwa mama yako kasimama pale kati na mkono juu, ungeniletea hesabu za mapigo?

Dogo wa Magomeni:

Mama yangu anacheza singeli mjomba.

Binti Mikindani:

Nilikuwepo. Mjomba hajaongeza chumvi hata punje. Mimi ndiye niliyemshika bibi kumrudisha kitini. Mnajua aliniuliza nini? "Mwanangu, umeme umekatika?" Nikamjibu ndiyo bibi, umekatika kidogo. Akasema basi ukirudi watauanza upya. Akakaa anangoja. Singeli inalia pale, na yeye kaishika fimbo yake anangoja umeme.

Mjomba wa Chikongola:

Hili sikulijua. Nakwenda kumtafuta huyu mtu leo leo.

Korosho Ghafi:

Mkuu usifanye fujo, saa hizi kesi zinaanza hivyohivyo. Ila wimbo gani?

Mstaafu Nachingwea:

Tatizo lako mjomba lilianzia kwenye flashi. Nani kakwambia harusini inapigwa Sikinde? Harusi ni Msondo, bendi yetu. Sisi tupo tangu 1964 tukiitwa NUTA Jazz, hao wenzenu wamezaliwa 1978 na wakaanza kwa kuchukua watu wetu. Yule mwimbaji wao Muhidin Gurumo alitokea wapi? Msondo ndiyo baba ya muziki. DJ angekuta Msondo kwenye flashi asingethubutu kukata.

Ngoma ya Ukae:

Wewe mzee umekuja kuharibu uzi. Gurumo alihama kwa sababu gani kama kwenu palikuwa pazuri?

Mstaafu Nachingwea:

Mbona alirudi?

Ngoma ya Ukae:

Alirudi baada ya kuwaonyesha namna inavyopigwa. Sikiliza wapulizaji wa Sikinde, kila mmoja unamsikia kivyake. Kwenu wanapuliza wote kwa mpigo, mtu hata hajui aitikie nini.

Mstaafu Nachingwea:

Masikio yako ni ya yule DJ.

Mjomba wa Chikongola:

Jamani! Msondo ipo humohumo kwenye flashi, ilikuwa wimbo wa pili. Hatukuufikia! Ndiyo nalia hapa! Nyie mnagombana kuhusu Gurumo, mama yangu anangoja umeme!

Bi Mkubwa wa Ndoro:

Mjomba wangu, huyohuyo kafika mpaka Lindi kwetu, na mimi kanifanyia makubwa zaidi. Wewe wako ni wimbo tu, wangu ulikuwa na kazi.

Taarabu ya kutunza haikatwi, na hata mtoto mdogo analijua hilo. Kuna mwanamke alikaa meza ya mbele, amevaa dera la kijani, kanisema mtaa mzima mwezi mzima. Na kuna ubeti kwenye ile taarabu ni wake yeye mtupu, kama katungiwa. Mimi nikamwambia DJ mapema, ubeti ule ukifika usinikate. Noti nimezibadilisha ziwe za elfu elfu ili nitunze taratibu, moja moja, kila neno na noti yake, nimwangalie usoni.

Nimeinuka. Nimetembea na mwendo wangu. Nimefika katikati, nimenyoosha mkono na noti ya kwanza, ubeti ndiyo huo unaingia, bwana yule akaweka amapiano! Yule mwanamke alicheka mpaka akaegemea bega la jirani yake. Nikabaki na noti mkononi sijui nimtunze nani. Ikabidi nimpe mpiga picha.

Korosho Ghafi:

Wa dera la kijani ni nani?

Bi Mkubwa wa Ndoro:

Anajijua. Na humu anasoma.

Dera la Kijani:

Nasoma. Na ile noti ilikuwa moja tu, nyingine zilikuwa karatasi.

Bi Mkubwa wa Ndoro:

Mnaona sasa? Mnaona mtu mwenyewe? Ningeachiwa ubeti wangu siku ile tusingefika huku!

Mtu wa Newala:

Nimesoma kuanzia juu, nyote mnalia na vitu vya kubonyeza. Huku kwetu sindimba ikipigwa, ngoma zinapashwa kwanza kwenye moto wa nyasi mpaka ngozi ikaze, mpigaji anaijaribu kwa kidole, ikilegea anairudisha motoni. Vinganga, zile ngoma ndogo, vikianza kulia hakuna mtu wa kuja kuvizima. Atazima kwa kubonyeza wapi? Mleteni huyo DJ Newala aje akate, tumwone.

Dogo wa Magomeni:

Mzee wangu, na wapigaji unawapakia bodaboda ngapi mpaka Mtwara mjini?

Mtu wa Newala:

Wanatembea. Walitembea kabla baba yako hajaota meno.

Ngoma ya Ukae:

Mzee wa Newala namuunga mkono. Na hata Sikinde jina lenyewe limetoka kwenye ngoma ya Wazaramo, watu hawajui.

Mstaafu Nachingwea:

Msondo nayo ni ngoma. Usijipendekeze.

Abiria Mchovu:

Wakuu, nyie mna bahati. Shughulini ukichukia unaondoka unakwenda zako. Mimi nawauliza, kwenye basi la Dar unakwenda wapi? Juzi tumetoka Mbagala alfajiri, dereva kaweka flashi ina Bongo Fleva nne. Zikiisha zinarudi. Tumefika Kibiti zinarudi, tumevuka daraja la Mkapa zinarudi, mtoto wa siti ya mbele yangu keshazikariri zote na anaimba kwa kuipita spika. Nikamwambia konda badilisheni basi hata mawaidha, akaniambia flashi nyingine imebaki kwa shemeji yake.

Binti Mikindani:

Hahaha! Mimi yangu ilikuwa filamu. Imetafsiriwa, mtafsiri anacheka yeye kuliko tunaoangalia, na sauti wameifungulia mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Nimefika Nangurukuru kichwa kinagonga.

Mjomba wa Chikongola:

Mwenye kumjua DJ anayeheshimu dansi hapa Mtwara, Mikindani hata Masasi, aniletee ujumbe. Nataka nimrudishie mama wimbo wake, nyumbani hukuhuku, upigwe mpaka mwisho.

Dogo wa Magomeni:

Binti umesema Nangurukuru umenikumbusha machungu. Zile dakika za kula! Unateremka, unaagiza chipsi, chipsi zinakuja baridi na gharama ya mtu wa kuhamia, ukitia tonge la kwanza honi inalia.

Abiria Mchovu:

Tonge la kwanza? Wewe ulifikia tonge. Mimi nilikuwa bado nadai chenji, basi likaanza kutembea. Nimekimbia na sahani ya watu mkononi, konda ananivuta mlangoni, mama ntilie ananivuta shati.

Korosho Ghafi:

Sahani ulirudisha?

Abiria Mchovu:

Ipo nyumbani.

Bi Mkubwa wa Ndoro:

Mimi shida yangu ni siti. Nakata tiketi mapema naandikiwa mbele, nikipanda nakuta pana mtu na mtoto na ndoo ya dagaa. Nahamishiwa ile ya juu ya tairi, chini ya spika kabisa. Nikilalamika konda ananiambia niongeze elfu tano anitafutie nyingine.

Dera la Kijani:

Hapo kwa konda hata mimi nakuunga mkono.