Seva pepe za kwako au wingu la kukodi: ipi kwa kazi ipi?

Mwanzamada
Wakuu, tulinganishe. Seva 8 za zamani: hifadhidata, mafaili, tovuti, barua pepe. Nyingi CPU haivuki asilimia 10. Njia A: seva 3 mpya zenye RAM GB 64 kila moja, juu yake Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja). Njia B: kukodi kila kitu kwenye wingu, yaani seva za kampuni nyingine kupitia mtandao.

KambaYaBluu
Kuwa na mashine pepe si kuwa na wingu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2011 walitaja sifa tano za wingu: kujihudumia mwenyewe, kufikika kwa mtandao, rasilimali za pamoja, kupanuka na kupungua haraka, na matumizi kupimwa. Kwa A, ya kupanuka isahau. RAM ikijaa, unanunua.

Nodi3
Na hiyo RAM ya jumla, GB 192 (64 mara 3), isikudanganye. Seva moja ikifa, mbili zibebe mzigo wote, kwa hiyo kikomo ni 128, utoe na ya haipavaiza yenyewe (programu inayoendesha mashine pepe, hapa Proxmox). Panga 110 hivi. Usijibane ukaweka seva mbili tu: klasta (seva zilizounganishwa zifanye kazi pamoja) hupiga kura, na mbili zikipotezana hakuna yenye kura za kutosha, mashine zilizozimika haziwaki.

DiskiNgumu
Watu hukwama kwenye kuhama. Windows ya seva ya zamani ukiihamishia kwenye mashine pepe yenye diski ya virtio (aina ya diski pepe yenye kasi) bila draiva yake, inakupa skrini ya bluu, kosa 0x7B. Iwashe kwanza kwa diski ya SATA, ipachikie diski tupu ya virtio ya GB 1, weka draiva, zima, ndipo ubadilishe diski kuu. Linux huwaka vizuri ila haipatikani: kadi ya mtandao iliyoitwa eno1 sasa ni ens18, na IP imebaki kwenye jina la zamani. Ingia kwa konsoli, rekebisha /etc/network/interfaces au faili la netplan (mipangilio ya mtandao kwenye Ubuntu). Hifadhidata isimamishe kabla ya kunakili, la sivyo unahamisha faili lililokatika katikati.

Mbps100
B nayo ina yake. TB 1 kwenye laini ya Mbps 100 ni saa 22, tena kama laini yote ni yako. Kuingiza data kwa kawaida ni bure. Kuitoa ndiko kunalipiwa. Mashine ukiizima, diski yake bado inahesabiwa.

Mwanzamada
Basi tovuti B, maana wageni hupanda na kushuka. Hifadhidata na mafaili A, mzigo wake ni ule ule usiku na mchana. Bakapu nitatumia snapshot (picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani).

Nodi3
Hapana mkuu! Snapshot inakaa kwenye diski ile ile. Ikifa, vyote vimekwenda. Nakala iende kwenye mashine nyingine, na ujaribu kuirejesha.

Mwanzamada
Sawa. Barua pepe je?

Mbps100
Uliza kwanza kuhusu poti 25, ile ambayo seva za barua hutumiana barua. Mawingu mengi huifunga kwa upande wa kutoka, na bila hiyo seva yako itapokea barua tu, kutuma moja kwa moja haitaweza.