Laptopu ya steshenari Masasi: mpya ya kwenye boksi, T480 ya mtumba au desktopu?

KoroshoGhafi
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Masasi, nataka nifungue steshenari ndogo karibu na stendi kabla minada ya korosho haijaanza, maana kipindi kile ndo watu wana hela na ndo wanakumbuka kutoa kopi za vyeti. Kazi zenyewe ni kuchapa barua, kujazia vijana fomu za mikopo ya chuo za HESLB na za ajira za serikali kwenye Ajira Portal, leseni za biashara kwenye mfumo wa TAUSI, kadi za harusi na za unyago, kuprinti na kuskani basi. Gemu hamna, video hamna. Printa ninayo, Epson L3250. Hela ya mashine ni laki saba na haiongezeki.

Sasa kuna laptopu mpya kabisa ya kwenye boksi, Celeron N4020, RAM 4, diski 64, kaka yangu ananikazania hiyo kwa sababu ina waranti. Kuna Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba, i5, RAM 8, SSD 256. Halafu kuna jamaa ana desktopu ndogo ya Dell OptiPlex na kioo chake anaachia chini ya hapo. Mwenzenu nichukue ipi?

binti_Newala
Kaka usije ukathubutu hiyo ya boksi. Mimi ninayo hapa mezani, nilinunua kwa kupenda harufu ya upya, na karatasi ya nailoni kwenye kioo nilikaa nayo wiki mbili sitaki kuibandua. Sasa hivi nikifungua Chrome yenye tabu ya HESLB, Word pembeni, na printa inaskani, natoka nanunua maandazi narudi bado kiduara kinazunguka. Mteja yupo kwenye benchi anakuangalia, mtoto wake analia, wewe unajichekesha chekesha. Hiyo 64 ni eMMC, chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye bodi, na RAM nayo kwenye hii yangu imechomelewa, huongezi kitu. Apdeti ya Windows ikija inakwambia nafasi haitoshi, naanza kufuta picha.

Fundi_Shangani
@binti_Newala umemaliza dada yangu. N4020 ina kore mbili tu, yaani vichwa vya kazi ndani ya prosesa, ni ya mtoto kusomea siyo ya kupiga hela. Waranti nayo, mashine ikifa Masasi itabidi uipandishe basi mpaka Dar, urudi kusubiri, na kwenye msimu duka limefungwa.

@KoroshoGhafi chukua T480 ila uwe mkali kwenye kitu kimoja: hakikisha kweli ni T480. T470 na T480 bodi la nje ni kama mapacha, wapo wauzaji wanaziita zote "ThinkPad i5" kwa bei moja. Fungua About kwenye Settings uone namba ya prosesa. Ikiwa i5-7200U au 7300U hiyo ni kizazi cha saba, kore mbili, na Windows 11 haiikubali rasmi. Unatafuta i5-8250U au 8350U, hizo ni kore nne. Ukivuka kutoka cha saba kwenda cha nane Intel waliongeza kore maradufu kwenye hizi laptopu za kazi, kwa hiyo siyo tofauti ya namba tu kama watu wanavyodhani.

Mwambao_LD
Mimi wa Lindi mjini hapa nitapingana na wengi. Steshenari ni desktopu! Kibodi kikimwagikiwa chai unanunua kingine cha elfu kumi na tano, kioo kikipasuka unabadili kioo, mtu hawezi kukikwapua akakimbia nacho. Laptopu ukiimwagia chai moja tu umefunga duka. OptiPlex 3060 nayo ni kizazi cha nane kama hiyo T480 na inakula Windows 11 bila shida.

binti_Newala
@Mwambao_LD na umeme ukikatika katikati ya fomu?

Mwambao_LD
UPS ipo dada, ile betri ya dharura ya mezani.

binti_Newala
UPS ya 650VA nimewahi kuwa nayo, mwaka wa kwanza ilinipa dakika kumi, mwaka wa pili ikawa inapiga kelele na kuzima hapo hapo kama imeshtuka. Betri zake za risasi na joto letu hazipatani. Tena UPS ni hela nje ya ile laki saba.

Fundi_Shangani
Hapo ndo T480 inapowazidi wote. Ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje unayochomoa kwa mkono. Umeme umekatika, ya nje imeisha, unaichomoa unapachika nyingine na mashine haizimi kwa sababu ya ndani inaishikilia. Mteja hata hajui kama umebadili kitu. Printa ndo itakulalia hapo lakini fomu unaituma, PDF unahifadhi, utaprinti umeme ukirudi.

Wa Mtwara mjini huwa nawaambia adui yenu ni upepo wa bahari, nafungua mashine za Shangani na Mikindani nakuta skrubu zina kutu na shaba imeota ukijani. Wewe Masasi chumvi hamna, wewe una vumbi na una SALFA. Sitanii. Kama nyumbani mnahifadhi mifuko ya salfa ya unga ya mikorosho usiweke kompyuta chumba hicho, hata kwa usiku mmoja usijizoeshe. Salfa na shaba hazikai pamoja, pini za RAM zinakuwa nyeusi kama zimepakwa masizi, mtu analeta mashine haiwaki anasema imerogwa, nasugua pini kwa kifutio inawaka.

pengwini_Nachi
Nyie wote mnamlipisha jamaa hela ya bure. Chukua hiyo hiyo T470 mnayoikimbia, mtu akuachie kwa laki nne, weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, maliza. HESLB, TAUSI, Ajira zote ni za kwenye brauza. L3250 mimi natumia kwenye Mint, nilishusha draiva ya Epson ikaprinti na kuskani. Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025, ile nyongeza ya mwaka mmoja nayo inaishia Oktoba 2026, sasa kwa nini ukimbizane nao? Laki tatu inayobaki nunua rimu za karatasi na mashine ya laminesheni.

KoroshoGhafi
@pengwini_Nachi hesabu yako imenivutia mkuu, ila kadi za unyago na harusi natengeneza kwenye Publisher ya Microsoft. Nina templeti kama arobaini nilizorithi kwa aliyenifundisha kazi.

pengwini_Nachi
LibreOffice Draw inafungua faili za pub.

binti_Newala
Inafungua, eeh. Nilijaribu siku moja, fonti ikabadilika, jina la bibi harusi likarukia juu ya tarehe, na ukumbi ukapotelea nje ya ukurasa. Mama mwenye shughuli aliniangalia sina hamu.

pengwini_Nachi
😂😂 sawa, ila jueni Publisher yenyewe Microsoft walishatangaza wanaizika Oktoba 2026. Hizo templeti utazihama tu, uwe Windows uwe Mint. Anza kuzigeuza kuwa PDF sasa hivi ukiwa bado unazifungua.

KoroshoGhafi
Hii sikuijua kabisa. Dah.

mjukuu_wa_Kilwa
Nimechelewa ila nichangie la RAM. Kama hiyo T480 ina 8 na muuzaji ana nyingine ya 16 kwa nyongeza kidogo, chukua ya 16. Zamani ningekwambia nunua ya 8 utaongeza mbele ya safari maana nafasi zipo mbili, ila sasa RAM imepanda. Hawa wanaojenga masava ya akili mnemba wanakomba chipu, na Micron Desemba 2025 walitangaza wanaachana na Crucial, ile RAM yao ya kuuzia watu wa kawaida. Mtu utadhani mambo ya Marekani hayafiki Masasi, yanafika kwenye bei.

La pili, mashine nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni huko nje. Mimi niliagiza moja, ikaja na basi imefungwa vizuri kwenye kikatoni, inawaka, safi. Nataka kuingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, inadai nenosiri. Kumpigia aliyeniuzia mara anaendesha, mara yupo msibani, mpaka leo. Siwezi kubadili kitu humo ndani. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, zima mashine, washa, bonyeza F1, ingia BIOS kwa macho yako.

Fundi_Shangani
Nyongeza: fungua CMD andika powercfg /batteryreport, itakupa faili linaloonyesha betri ilizaliwa na ngapi na sasa imebaki na ngapi. Andika na tpm.msc uone TPM 2.0, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Na hizi T480 zilikuwa na ugonjwa wa Thunderbolt, programu yake ya ndani ikiwa ya zamani ile poti ya USB-C inaweza kufa, na ndo unayochajia. Lenovo walitoa apdeti, iweke siku ya kwanza kabla hata ya Office. Muuzaji akikukataza kuchunguza, mrudishie laptopu yake mezani, nenda.

Mwambao_LD
Bado nasema desktopu 😅

KoroshoGhafi
Mrejesho wakuu. Jumamosi nilishuka Mtwara mwenyewe sikutaka ya kuletewa na basi. Ya kwanza aliyonipa nikafungua About, 7300U! Nikamwangalia, akasema "aa hiyo imechanganyika mzigo". Akatoa nyingine, 8350U, RAM 8, ya 16 hakuwa nayo. BIOS imefunguka bila nenosiri, TPM 2.0 ipo. Ripoti ya betri, ya ndani ilizaliwa na ujazo wa mWh 24,000 imebaki 19,000 na kitu, ya nje imechoka iko 11,000 na kitu, nikamwonyesha hapo hapo akashusha mpaka laki sita na ishirini. Hiyo themanini nimeiweka nitafute betri nyingine ya nje. Apdeti ya Thunderbolt nimeweka jana usiku kwa bando la simu. Kibodi herufi N imefutika kidogo, hainisumbui.

Templeti nimegeuza kumi na mbili, bado ishirini na nane.

binti_Newala
Hongera kaka. Mifuko ya salfa umeihamisha?

KoroshoGhafi
Imehamia kwa kaka yangu wa waranti.