Dalali anataka kishika uchumba leo leo, kiwanja Kibada, nitoe au nisitoe?

Mtoto wa Tandika: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana dalali ananipigia kila saa. Kuna kiwanja Kibada, huku Kigamboni, sqm 600, wanasema kina hati, bei milioni 9 wakati majirani niliowauliza wanadai pale hakuna cha chini ya 20. Mwenyewe inasemekana yuko Oman, anayeuza ni shemeji yake. Hati nimetumiwa picha WhatsApp ila sehemu yenye namba imekatwa. Sasa dalali anasema kuna wateja wawili wanakuja kesho asubuhi, nirushe laki 5 ya kishika uchumba, yaani advansi ya kunishikia kiwanja, usiku huu, nikaanza kutuma ili nione jina, likaja jina la mwanamke ambaye si dalali wala si shemeji, nikaghairi. Wife anasema tusichezee bahati.

Fundi Ramani: Mkuu hiyo picha iliyokatwa namba ndo jibu lako. Bila namba ya hati, ploti na bloku huwezi kufanya search, yaani kuangaliziwa kiwanja kwenye daftari la serikali, na wao wanajua. Mwambie akupe, halafu nenda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa msajili wa hati uombe search rasmi, ada unalipa kwa kontrol namba sio kwenye simu ya mtu. Utapewa majibu kwa maandishi kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, kama kiko rehani benki, kama kuna zuio. Karatasi mkononi isikutishe, mjini hapa hati feki zinachapwa vizuri kuliko kadi za harusi.

KijanaWaBodaboda: Milioni 9 Kibada? Ukiacha nipe namba ya dalali 😂

Mama Chuma: Mdogo wangu hizo laki 5 zikitoka hazirudi. Rudi Kibada mwenyewe bila dalali, jumapili watu wako majumbani, uliza jirani wa kushoto na wa kulia kiwanja cha nani, mtafute mjumbe wewe mwenyewe maana hawa wana mjumbe wao wa kukodi. Na muhuri wa serikali ya mtaa usikulevye, mwenyekiti hatunzi daftari la hati, na ile asilimia 10 ya bei wanayodai watu wa serikali ya mtaa haipo kwenye sheria yoyote. Huyo shemeji nae alete hati ya kumwakilisha mwenyewe iliyosajiliwa, na kama mwenyewe ana mke, ridhaa ya mke kwa maandishi, usije ukapandisha msingi halafu mama wa watu akatokea na wakili.

Fundi Ramani: Na wakili utafute wako, sio wa kuletewa na dalali.

Mtoto wa Tandika: Nimemuomba namba za hati, kafoka eti mimi sio mnunuzi, kuna mtu keshalipia. Nikasema poa. Sasa hivi kapiga tena, yule mtu kaghairi, bei imeshuka 8.

KijanaWaBodaboda: Subiri kesho itakuwa 6 na trei ya mayai

Mama Chuma: Usimbloku kwanza. Meseji zote, picha ya hati, namba na lile jina la mwanamke vihifadhi, upeleke polisi, maana usiku huu huu anampigia mwingine. Wife anasemaje?

Mtoto wa Tandika: Kanuna.